Kadi ya Idi yenye pindo la khanga: uzoefu wangu na Thunderbird

Kila Idi huwa natengeneza barua pepe ya mapambo: pindo la khanga juu na chini, salamu katikati, jina la khanga mwishoni. Naituma kwa jamaa wote, wa Tanga na wa Muscat. Mwaka juzi niliaibika. Niliandika HTML yangu (msimbo wa kupanga maandishi na picha) kwenye Notepad, nikaibandika katika programu ya barua niliyokuwa nayo wakati ule, nikaitazama, safi kabisa. Nikatuma. Asubuhi shangazi akajibu kutoka Muscat: "Mwanangu, Idi njema nawe. Ila mbona naona visanduku vitupu?"

Anwani ya kila picha ilianza na file:///C:/Users, yaani diski ya kompyuta yangu. Kwangu zilionekana kwa sababu zilikuwa hapohapo. Kwa shangazi hazikuwako. Hata kwenye folda ya barua zilizotumwa kadi ilikuwa nzima, ndiyo maana sikushtuka.

Nikahamia Thunderbird, programu ya barua pepe ya bure. Ukiingiza picha kupitia menyu ya Insert na kuchagua faili, kuna kisanduku cha kuiambatisha picha hiyo na ujumbe. Kikiwa na tiki, picha inasafiri ndani ya barua yenyewe, na HTML inaiita kwa cid:, yaani kitambulisho cha picha iliyomo ndani ya barua, badala ya njia ya faili. Siku hizi najitumia kadi kwanza, naifungua, nabonyeza Ctrl+U kuona msimbo wake. Nikiona multipart/related, alama kwamba maandishi na picha vimefungwa pamoja, na chini yake msururu mrefu wa herufi zisizosomeka, najua pindo limo. Nikiona file:/// popote, situmi.

Ningeweza kuzipandisha picha kwenye tovuti na kuweka viungo tu. Lakini programu nyingi, Thunderbird ikiwamo, huzuia picha za nje hadi msomaji aziruhusu, na shangazi yangu si mtu wa kuruhusu vitu asivyovijua.

Uzito ndio wa kuangalia. Picha ikigeuzwa herufi za base64, ili isafiri kama maandishi, inanenepa kwa karibu theluthi, kwa hiyo ya KB 300 inafika 400 njiani. Pindo langu la kwanza nilikuwa nimelipiga kwa simu, MB 4, kwa barua ya mistari sita! Nikalipunguza hadi upana wa pikseli 600, likashuka chini ya KB 100, na wala halikuonekana baya.

Nilitamani pindo lizunguke pande zote nne kama khanga halisi, maneno yakae juu ya mji, ile sehemu ya katikati. Nimeacha. Outlook ya Windows, programu ya barua ya Microsoft, kuanzia toleo la 2007 ilianza kuchora barua kwa injini ya Word, na kwa wanaotumia Outlook hiyo ya zamani mapambo mengi ya CSS (msimbo wa mapambo) hayafiki. Sasa natumia jedwali la kawaida la safu tatu, moja chini ya nyingine: pindo, salamu, pindo. Nikishaipenda naihifadhi kama kiolezo, mwaka unaofuata nabadilisha maneno tu.

Kwenye simu ya binamu yangu kadi ilimwonyesha pia alama ya viambatisho viwili, akadhani nimemtumia ankara.

Thunderbird naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Idi iliyopita jina lilikuwa "Wema hauozi". Shangazi alijibu usiku uleule: "Pindo nimeliona, jina nimelisoma. Khanga yenyewe inakuja lini?"