Kliniki ya fizio huku Temeke: nimeenda miezi mitatu kwa ajili ya kiuno, nimeona haya

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 47, kiuno kimeniuma miaka minne. Naandika kwa sababu mwaka jana nilitafuta sana mtu aliyepita fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) anielezee kwa kirefu inakuaje, sikumpata, kila mtu ananiambia tu "nenda inasaidia" au "usiende watakupotezea muda, wanakupa mazoezi ya kunyoosha miguu unalipa hela". Kliniki yenyewe ipo Temeke, Dar es Salaam, jina siliweki maana sijawaomba ruhusa na sitaki ionekane tangazo, ila bei na mazuri na mabaya yote nayasema.

Nianze nilikotoka. Sehemu ya kwanza niliyoenda, siyo hii, nilipigwa MRI (picha ya ndani ya mgongo), ikanitoka zaidi ya laki 3, daktari akaangalia picha dakika chache akasema mama pingili zimesagika, diski (ile mito laini katikati ya pingili) zimetokeza, usiiname, usibebe ndoo, nunua mkanda. Basi, nikaondoka na hilo neno zimesagika nikawa nalala nalo naamka nalo. Mkanda nimeuvaa miezi 14, naamka navaa nalala navua. Kuinama nikaacha kabisa, maji anateka binti yangu, kufagia yeye, mpaka viatu navalishwa, mtu mzima. Dawa za maumivu nanunua duka la dawa hapo mtaani kila wiki mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Na kiuno ndo kwanza kinazidi.

Sasa hii kliniki. Siku ya kwanza tathmini ni elfu 40, na karibu saa nzima ile sikulazwa kitandani, tuliongea. Fizio mwenyewe ni kijana, kasoma chuo cha KCMC Moshi, akaniamkia shikamoo mama akavuta kiti akakaa, hakukaa nyuma ya meza. Akauliza kinauma zaidi saa ngapi, nalala masaa mangapi, kwenye cherehani nakaa muda gani bila kunyanyuka, Januari kazi inakuaje, nyumbani nani ananisaidia, halafu akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu yeyote, mama unaogopa nini kitatokea ukiinama? Nikamwambia naogopa mgongo utakatika nibaki kitandani, nani atasomesha wanangu. Nililia pale.

Alafu yakaja maswali mengine, haya nayaandika makusudi ili usome vizuri. Miguu inaishiwa nguvu? Mkojo au choo vinakushinda kuzuia, au mkojo umegoma kutoka? Ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri? Unakonda bila sababu, homa, jasho la usiku, kikohozi kisichoisha? Maana kumbe TB inaweza kukaa kwenye uti wa mgongo. Akanipima nguvu za miguu na kunigonga magoti. Mimi sikua na hata kimoja, ila kama we unacho usitafute mazoezi, wahi hospitali, na hilo la mkojo na ganzi ni la siku hiyohiyo siyo la kesho.

Nikampa MRI yangu. Akasema picha siyo ya uongo, vitu hivyo vipo, lakini akanionyesha utafiti wa mwaka 2015 uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo kabisa, wa miaka 50 wapatao 80 katika kila 100 diski zao zimechakaa, na 60 katika 100 zimetokeza. Wanatembea, wanalima, wanabeba, hawana habari. Akasema ni kama mvi. Nikamuuliza, kwa hiyo unasema sijaumwa, najifanya? Akajibu haraka sana, hapana mama, maumivu yako ni ya kweli kabisa, ila maumivu yakishapita miezi mitatu yanaitwa sugu, na hapo mara nyingi tatizo siyo tena kidonda kilichogoma kupona, ni mishipa ya fahamu na ubongo vimekua vikali kupita kiasi, kitu kidogo kinapigiwa kelele kubwa.

Hapo ndo nikaelewa kwa lugha ya kazi yangu, nikamwambia ni kama tensheni ya cherehani, ule mkazo wa uzi. Fundi yeyote anajua, ukikaza tensheni sana uzi unakatika hata kwenye kitambaa kizuri, na fundi mgeni atalaumu kitambaa atalaumu uzi atabadilisha sindano, kumbe ni ile skrubu ndogo tu imekazwa. Akafurahi mpaka akaandika kwenye daftari lake. Akasema na inakazwa na mengi, kukosa usingizi, wasiwasi wa ada, woga wa kuinama, maneno ya daktari, kukaa bila kutembea, na inalegezwa taratibu kwa kufanya kinyume chake. Mimi kwangu hiyo saa moja ndo ilikua dawa yenyewe, nasema kwa moyo wote, maana nilitoka pale sijafanya hata zoezi moja lakini nimevua mkanda nimeuweka kwenye pochi. Akasema siyo lazima niuvue siku hiyo, nilivua mwenyewe. Kuhusu mikanda alinionyesha pia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno: elimu, mazoezi, masaji na tiba ya kisaikolojia vimo, mikanda na kuvutwa mgongo wameshauri visitumike kama tiba ya kawaida.

Vipindi vilivyofuata ni elfu 25 kimoja, nilienda saba, mwanzoni kila wiki baadaye kila wiki mbili, jumla na tathmini ni laki 2 na elfu 15. Ukilinganisha na MRI na dawa za mwaka mzima mi naona siyo ghali, ingawa najua kwa wengi wetu ni hela nyingi na mimi nimeilipa kwa kudunduliza.

Mazoezi ni ya kawaida kweli, hapo waliosema ni ya kunyoosha miguu tu sikatai. Kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika mara nane, kulala chali unanyanyua kiuno, kutembea dakika kumi jioni. Ila kipindi cha tatu akaleta dumu la lita 5 limejaa maji akaweka chini akasema mama okota. Nilitetemeka mikono. Zaidi ya mwaka sijaokota kitu chini. Akanionyesha kurudisha makalio nyuma na kukunja magoti kidogo, akasema na hata ukiinama ovyo mgongo hautakatika, hii ni njia ya kuanzia tu. Nikaokota. Kiliuma, ndiyo, akaniuliza ngapi kwa kumi nikasema sita, akasema tuangalie kesho asubuhi, kikirudi pale kilipokua jana basi kipimo ni sahihi, kisiporudi tunapunguza maji hatuachi zoezi. Asubuhi kilirudi.

Kitu kingine kilichonibadilisha ni suala la kazi. Msimu wa sare za shule, Desemba mpaka Januari, nilikua nikipata siku nzuri nashona mfululizo kuanzia asubuhi mpaka usiku, kesho yake nalala siku tatu, wateja wananipigia simu nimezima. Yeye akasema pumzika kwa saa, usipumzike kwa maumivu. Yaani niweke alamu ya simu dakika 25, ikilia nasimama hata kama sijisikii kuumwa, nakata vitambaa nimesimama, nazunguka, narudi. Mwanzoni niliona nitachelewesha kazi za watu. Nikahesabu mwisho wa wiki, nilishona nguo nyingi kuliko wiki za nyuma kwa sababu hakuna siku niliyolala.

Mabaya sasa, maana yapo. Kliniki ipo ghorofa ya pili hakuna lifti, kwa sehemu inayotibu wagonjwa wa mgongo na magoti hili si sawa hata kidogo, nilimuona baba mmoja wa kiharusi anabebwa na wanawe wawili. Karatasi ya mazoezi ni ya Kiingereza, ilibidi binti yangu anitafsirie, na mama mwenzangu asiye na binti wa kumsomea atafanyaje? Wakitumia Kiswahili na michoro watasaidia wengi, niliwaambia, wakasema wanatengeneza. Jumamosi foleni ndefu, miadi ya saa 4 unaingia saa 5 na nusu na kukaa kwenye lile benchi la mbao kwa mwenye kiuno ni adhabu, nenda katikati ya wiki asubuhi. Na pazia kati ya vitanda ni jepesi, unasikia shida za mwenzio zote na yeye anasikia zako, wengine wanashindwa kufunguka kwa sababu hiyo. Kinamama, vaeni traki au suruali pana ndani ya dera, mazoezi mengine unanyanyua miguu.

Tena kama unaenda ukitegemea kukandwa saa nzima au kuwekwa mashine za umeme utarudi umekasirika, masaji ni dakika chache na siyo kila siku. Mama mmoja tuliyekua tunakaa naye kwenye benchi aliacha kipindi cha pili kwa sababu hiyo, alisema nimelipa kuongeleshwa. Namwelewa, maana na mimi miaka yote nilikua natafuta mtu wa kukiondoa, sikutegemea kupewa kazi ya kufanya mwenyewe kila jioni.

Kiuno kimeacha kuuma? Hapana, sitaki kumdanganya mtu. Kuna siku kinafika nne kwa kumi, nikigombana na mtu au nisipolala ndo kabisa. Ila dawa sijameza tangu mwezi wa pili wa mazoezi, tumbo limetulia, na msimu huu nilichukua sare 120 nikazimaliza zote bila kumzimia mteja simu. Natoa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja niliyokata ni ya zile ngazi na ile karatasi. Nimeambiwa nirudi baada ya miezi mitatu tu waniangalie. Nyumbani sasa hivi nipo kwenye ndoo ya lita 10, naiteka mwenyewe bombani asubuhi, binti anatangulia shule.