Soko la Wakulima la Des Moines, Jumamosi ya Agosti: Nini Ununue, Nini Uache

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Leo sichambui simu wala sufuria, nachambua soko zima: lile soko la wakulima la katikati ya mji, Downtown Farmers' Market, hapa Des Moines, jimbo la Iowa. Nimeulizwa sana, hasa na akina mama waliofika Marekani karibuni: "Dada, lile soko la Jumamosi na sisi tunaenda, au ni la watu kwenda kupiga picha? Bei zake si kali?"

Jibu nalitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nalo. Kwa mahindi mabichi, nyanya, matikiti na mboga za majani, nendeni, na nendeni mapema. Kwa viazi, vitunguu na chakula kilichopikwa, mimi nabaki na pesa yangu. Sasa kaeni niwaonyeshe nilichobeba.

Soko liko Court Avenue na mitaa inayoikatiza, karibu na jengo la mahakama ya kaunti ya Polk, hatua chache kutoka mto Des Moines. Lilianza mwaka 1976. Kuanzia Mei hadi Oktoba, kila Jumamosi, mitaa ile inafungwa, magari hayapiti, na wauzaji wanapanga meza na mahema pande zote mbili. Linafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa sita mchana. Ukiingia Oktoba wanaanza saa mbili, maana asubuhi zinakuwa na baridi.

Fika saa moja kamili. Ikifika saa nne, mwenye kigari cha mtoto hapiti, na mahindi mazuri wenzako wameshayachagua. Halafu kuna joto. Agosti ya Iowa ina joto zito lenye unyevu, na mahindi yenyewe yanachangia, kwa sababu majani yake yanatoa mvuke mwingi hewani. Mchicha uliokaa mezani kwa muda wa saa tatu katika hali hiyo umeshalala. Beba mfuko wa nguo, na kama una kiboksi cha barafu kiache kwenye gari.

Haya, mahindi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo watu wengi wananiuliza na ndiyo wengi wanalalamikia.

Ukitoka Des Moines kwa gari, upande wowote, unaona mahindi mpaka macho yanachoka. Karibu yote hayo si ya kutafunwa yakiwa mabichi. Ni ya kulisha nguruwe, ng'ombe na kuku, na mengine mengi yanakwenda viwandani kutengeneza ethanoli inayochanganywa na petroli. Yanayouzwa sokoni ni mahindi matamu, aina nyingine kabisa, yanayolimwa kwenye eneo dogo, na msimu wake mkubwa ni Julai na Agosti. Ukikosa miezi hiyo, umekosa mpaka mwakani.

Kwa nini niyafuate mjini wakati dukani yapo? Kwa sababu ya sukari. Hindi tamu likishavunjwa, sukari yake inaanza kugeuka wanga, na joto linaharakisha hali hiyo. Zile aina za zamani zinapoteza utamu haraka sana, siku moja au mbili tu. Aina mpya, zilizozalishwa ziwe na sukari nyingi, zinavumilia siku kadhaa kwenye friji. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: yamevunjwa lini? Hapa sokoni utaambiwa jana jioni au leo alfajiri. Dukani, kijana anayepanga rafu hawezi kukujibu, wala si kosa lake.

Sogeza kamera hapa. Angalieni kitako, pale lilipokatwa. Hiki ni kibichi, bado kina maji. Kikiwa kikavu na cha kahawia, hindi lina siku nyingi. Ndevu ziwe za kahawia kwa nje, lakini ukizigusa kwa ndani zinanata. Halafu bonyeza ncha ya hindi juu ya maganda, usikie kama punje zimejaa mpaka mwisho. Msimenye hindi mkaliacha mezani, jamani. Likimenywa linakauka, na mkulima aliyeamka usiku kulivunja anaumia. Leo nimelipa dola nane kwa dazeni.

Sasa wale wanaolalamika: "Nimechoma, hayana ladha ya mahindi ya stendi." Ni kweli. Hindi hili ni laini, lina maji, na ukiliweka uchi juu ya mkaa linaungua nje kabla ya kuiva, kwa sababu ya ile sukari. Lichome na maganda yake, umeyalowesha kwanza. Au lichemshe: maji yachemke ndipo utumbukize, dakika tatu au nne, toa. Mama aliyezoea kuweka mahindi jikoni na kwenda kufua, akifanya hivyo kwa haya atakuta uji. Kwa makande msihangaike nayo kabisa. Ukitaka hindi gumu la kuchoma, mtafute mkulima wa kwetu aliyepanda mahindi meupe, umwombe akuvunjie kabla hayajakomaa sana.

Nyanya. Hizi zenye mikunjo na rangi za ajabu, wanaziita heirloom, ni mbegu za zamani zinazotunzwa mwaka hadi mwaka. Hii kubwa ya waridi ni Brandywine, hii ya zambarau iliyofifia ni Cherokee Purple. Bei yake iko juu, sikatai. Kwa kachumbari inastahili kila senti, ila kwa mchuzi wa maharage usipoteze pesa, chukua zile nyekundu za kawaida, nazo ziko pale pale kwa bei ya chini. Nyanya nyingi za dukani zinachumwa zikiwa kijani ili zihimili safari ndefu ya lori, kisha zinaivishwa kwa gesi ya ethilini. Rangi inakuja, ladha haiji. Hizi zimeivia kwenye mti. Na tafadhali, msiziweke kwenye friji. Baridi inaua harufu yake. Ziweke juu ya meza, kikonyo kikitazama chini, mzile ndani ya siku mbili tatu.

Tikiti: ulizia la kutoka Muscatine, mji ulio kando ya mto Mississippi upande wa mashariki wa jimbo hili. Udongo wa kule ni wa mchanga na matikiti yake yanajulikana Iowa nzima. Lile lenye ganda la kukwaruza na nyama ya rangi ya chungwa, linuse pale kikonyo kilipokuwa. Kama halinukii, halijaiva. Mayai na asali ni vizuri, ila sina la kuwaambia zaidi ya hilo.

Sasa nije kwenye mboga za majani, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Sokoni mtakuta wakulima wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, wana majani ya kila namna, pilipili kali, biringanya ndefu nyembamba. Hawakufika juzi. Mwaka 1975 gavana wa Iowa, Robert Ray, alikubali kuwapokea Watai Dam, watu wa huko Asia ya Kusini-Mashariki waliokimbia vita, akawaleta wakae pamoja kama jamii. Leo wajukuu wao wanapima nyanya na kurudisha chenji. Mimi nikiwaona nawafikiria watoto wetu waliotoka Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi kule Tanzania, na bibi zao waliolima kwa jembe la mkono Kasulu na Kibondo, na kabla ya hapo Burundi na Kongo.

Maana na sisi tumeanza. Hapa Des Moines kuna mradi unaitwa Global Greens, ulioanzishwa na shirika la Lutheran Services in Iowa. Wanawapa wakimbizi vipande vya ardhi na mafunzo ya kulima kwa hali ya hewa ya huku, na ya kuuza. Wengi wa wakulima wale wametoka Burundi, Rwanda, Kongo na Bhutan. Ukifika kwenye meza ya mmoja wao utakuta lengalenga, yaani mchicha wenyewe, majani mapana, shina nene, fungu la kushika kwa mikono miwili. Utakuta nyanya chungu zile nyeupe na kijani. Utakuta majani ya maboga na ya maharage. Na utamsalimia mtu kwa Kiswahili, "Shikamoo mama, mboga hii imekatwa leo?" naye atakujibu na kukuongezea kidogo juu ya fungu bila kuombwa.

Nimefananisha. Mchicha wa dukani unaouzwa kama "spinachi" kwenye boksi la plastiki ni mboga nyingine, ukiupika unayeyuka, unabaki kijiko kimoja. Lengalenga ya shambani inabaki na mwili. Kaanga kitunguu, nyanya ile nyekundu niliyosema, tia karanga zilizosagwa, na familia ya watu watano inakula na ugali kutoka kwenye mafungu mawili. Kwa mboga tu, safari ya Jumamosi imejilipa.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: majani ya maboga kwa wakulima wengi wa huku si chakula. Wanauza boga, majani yanabaki shambani. Muulize kwa adabu kama anaweza kukuletea Jumamosi ijayo, na muulize pia kama amepiga dawa. Usione aibu. Ila msiende kuchuma mchicha unaojiotea kando ya mashamba makubwa ya mahindi na soya. Nimewaona watu wakifanya hivyo na inanitia hofu. Ule ni jamii ya mchicha kweli, lakini kwa mkulima wa soya ni gugu sugu, na analipiga dawa kila msimu. Mtoto wako asile kitu hicho.

Kuhusu pesa. Watu wengi wenye kadi ya EBT, ile ya SNAP, msaada wa chakula wa serikali, wanadhani soko la wakulima haliwahusu. Linawahusu. Ukifika, nenda kwanza kwenye meza ya maelezo, uliza wanavyopokea SNAP na uliza mpango wa Double Up Food Bucks. Mpango huo uko Iowa: ukitumia dola ya SNAP kununua mboga na matunda, unaongezewa dola nyingine ya mboga na matunda, mpaka kikomo cha siku. Yaani lengalenga kwa nusu bei. Akina mama walio kwenye WIC, ule mpango wa chakula kwa wajawazito na watoto wadogo, na wazee wenye kipato kidogo wana msaada wao pia, maalum kwa masoko ya wakulima wakati wa kiangazi. Ulizeni ofisi mnayohudumiwa mapema, kabla msimu haujaanza. Kama Kiingereza kinasumbua, nenda na mtoto anayesoma shule, au nenda na jirani. Pesa hiyo imetengwa kwa ajili yenu, na ikikaa bila kutumika mkulima wetu naye anarudi nyumbani na mboga zake.

Kupunguziwa bei? Asubuhi sahau, bei imeandikwa. Ikikaribia saa sita, mkulima asiyetaka kurudi na mzigo anapunguza mwenyewe. Lakini kwa mboga za majani mimi nasema lipa bei ya asubuhi, upate kitu kibichi.

Vya kuacha, haraka haraka. Burito za asubuhi, yaani chapati zilizokunjwa na mayai ndani, zina foleni ndefu, na familia ikila pale, pesa ya mboga imekwisha. Kunyweni chai nyumbani. Viazi na vitunguu vinakaa muda mrefu ghalani bila kuharibika, hivyo tofauti na vya dukani ni ndogo. Sabuni, mishumaa na mapambo ni vizuri kwa zawadi, lakini havikunileta. Na popote utakapokwenda, soko hili au jingine, ukiona meza ina ndizi au machungwa, ujue hayo hayakulimwa Iowa. Muulize muuzaji shamba lake liko kaunti gani. Jimbo hili lina kaunti 99, na mkulima wa kweli atakutajia yake kabla hujamaliza swali, na atakueleza mvua ya wiki iliyopita.

La mwisho ni la kuhifadhi, kwa sababu baridi ya kwanza ikipiga, lengalenga inakufa usiku mmoja. Agosti ndiyo wakati wa kuweka akiba. Nunua mafungu mengi kwa pamoja, osha, katakata, tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, toa uweke kwenye maji ya barafu, kamua vizuri kwa mikono. Gawa kwenye mifuko ya friza kwa kipimo cha mlo mmoja, toa hewa, andika tarehe juu. Ukiruka hatua ya maji ya moto, mboga inabadilika rangi na ladha hata ikiwa imeganda. Mahindi nayo: yachemshe dakika nne, yapoze, kisha pukucha kwa kisu na ugandishe punje. Januari theluji ikifunga mlango, unatoa mfuko mmoja, unauweka moja kwa moja kwenye sufuria bila kusubiri uyeyuke, na karanga ziwe tayari.