Gede au Kilwa Kisiwani: uanze na magofu yapi?

Kwa urahisi wa kufika, Gede inashinda. Ipo karibu na Watamu, kando ya barabara ya Mombasa–Malindi; ukishuka kwenye matatu, bodaboda inakumalizia. Kilwa yataka basi refu kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko, kibali, kisha chombo cha kuvukia.

Ila tuzungumzie watu waliokaa humo, maana hapo ndipo penye utamu. Gede inakuonyesha nyumba: vyumba, visima, vyoo, nyua. Wachimbuaji walizipa nyumba majina ya vitu walivyovikuta ndani, kama Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Kauri. Sijaona mahali pengine pa pwani panapokuingiza jikoni kwa watu wa kale namna hii.

Kilwa inakuonyesha dola. Dhahabu ya Sofala, bandari ya kale katika Msumbiji ya leo, ilipitia mikononi mwake, masultani wakapiga sarafu zao wenyewe, na Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, alipofika mwaka 1331 aliusifu mji. Simama Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani juu ya jabali, kwenye birika la pembe nane: matumbawe yaliyochongwa kwa ufundi wa kustaajabisha. Msikiti Mkuu peke yake unastahili safari.

Hali ya majengo? Gede mizizi inabana kuta. Kilwa bahari inakula ufukwe.

Mwenye watoto au nusu siku tu, aende Gede. Anayefuatilia historia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na ana siku mbili, Kilwa haimwangushi.