Nyumba ya malezi ya watu wenye usonji, njia ya Mikindani, Mtwara: maoni ya shangazi

Kilichonivuta kwanza ni kwamba hawakuniahidi kumponya. Mtoto wa kaka yangu ana usonji, ana miaka 23, haongei, na huko tulikopita tumeuziwa mafuta, mizizi na maombi. Hapa mama msimamizi aliniuliza mambo mengine kabisa: anapenda kula nini, nini kinamtisha, akichoka anaonyeshaje. Nikasema anapenda ming'oko, vile viazi vya porini, na hataki kuguswa kichwani. Akaandika.

Ofisini wamebandika, kwa Kiswahili, nguzo za SPELL, mwongozo wa malezi wa National Autistic Society, chama cha usonji cha Uingereza: mpangilio, kumtarajia mtu mema, kumwelewa kwa upande wake, kupunguza kelele na bughudha, na kushirikiana na familia na jamii. Karatasi ya ukutani hainikoshi, kila ofisi inayo. Nilitaka kujua kama imefika jikoni na bafuni.

Kwa sehemu kubwa imefika. Mlezi anapiga hodi chumbani kwa kijana wetu, ambaye hajawahi kuitikia hodi ya mtu. Anasubiri, ndipo anaingia. Kuna ubao wa picha: kuoga, chai, bustani, chakula, kulala; shughuli ikiisha kijana anaigeuza picha mwenyewe. Siku maji yalipokatika, picha ya bomba ilishabadilishwa ikawekwa ya ndoo kabla hajaamka, na asubuhi ikapita salama. Ngoma za unyago zilipoanza mtaani, wakamhamishia chumba cha nyuma mapema, jua halijazama. Kule tulikomweka awali, mkoa mwingine, walimfungia mlango wakaongeza sauti ya redio!

Sasa kasoro. Baadhi ya walezi wanawaita "watoto" watu wenye ndevu. Nilimwambia mmoja, "Mwanangu, huyu ni kaka yako kwa umri," akacheka tu. Mimi silioni dogo, maana ukishamwona mtoto hutamuuliza leo avae shati gani. Usiku mlezi ni mmoja upande wote wa wanaume, hatoshi. Na ile nguzo ya mwisho wameishia kwenye familia, jamii wameisahau: bahari iko karibu, soko liko karibu, vijana hawatoki getini. Nimewaomba wampeleke gengeni akachague ming'oko yake mwenyewe. Wamesema watafikiria, na mimi nitakumbusha.

Ada inauma. Tunachanga ukoo mzima, bei ya korosho ikiyumba tunachelewa, ila wanapokea nusu nusu na risiti wanatoa.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ukitaka kuwapima, nenda saa ya chakula cha mchana bila kutoa taarifa, uombe kuona vyumba. Mimi waliniweka kwenye benchi kwanza, wakaenda kuwauliza wenye vyumba. Mmoja alikataa kwa kichwa, na chake sikukiona.