Geti liko mbali na nyumba: lenzi ipi ya kamera ya ulinzi ununue

Geti likiwa mita 25 kutoka ukuta wa nyumba, kama ilivyo kwenye viwanja vingi vya Njiro na Usa River, kamera ya lenzi ya milimita 2.8 (milimita zikiongezeka, lenzi inavuta karibu zaidi na kuona eneo jembamba) itakuonyesha kwamba kuna mtu. Ni nani, haitakuambia. Na lenzi hiyo ndiyo inayokuja kwenye seti nyingi za kamera nne, hivyo mtu anaongeza hela ya megapikseli na bado anaambulia kivuli.

Fanya hesabu kabla ya kwenda dukani. Zidisha umbali kwa mita mara 5.4, ambao ni upana kwa milimita wa sensa (kipande kinachopokea picha) ya ukubwa wa inchi 1/2.8 iliyomo kwenye kamera nyingi za megapikseli 2, kisha gawanya kwa milimita za lenzi. Umepata upana wa eneo litakaloonekana. Sasa chukua pikseli 1920 za mlalo, yaani nukta zinazounda picha, uzigawanye kwa upana huo upate pikseli kwa kila mita. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo la 2014 kilitaka pikseli 125 kwa mita ili umtambue mtu unayemfahamu, na 250 ili sura ya mgeni ithibitike. Kwa mita 25, lenzi ya 2.8 inatoa kama 40. Ya 12 inatoa 170. Zile "mita 30" kwenye boksi ni za taa ya infraredi (nuru isiyoonekana kwa macho inayomulika usiku), hazihusiani na kuona sura.

Namba moja tunaipa lenzi ya kurekebishika ya milimita 2.8 hadi 12 yenye mota. Unaivuta karibu au mbali kupitia simu au NVR (mashine inayorekodi picha za kamera), bila kumrudisha fundi juu ya ngazi. Faida kubwa zaidi ni usiku: nuru ya infraredi hailengwi sawasawa na nuru ya mchana, kwa hiyo lenzi duni iliyolengwa saa sita mchana hutoa picha ya ukungu giza likiingia. Yenye mota hujilenga upya. Ile ya kurekebisha kwa bisibisi ni nafuu, ila mlazimishe fundi ailenge usiku. Lenzi hii ya 2.8 hadi 12 ukiifunga kwenye kamera ya megapikseli 8 yenye sensa ya ukubwa ule ule, na kuivuta hadi 12, utapata pikseli kama 340 kwa mita getini. Lakini pikseli hizo ni ndogo na zinapokea mwanga kidogo, kwa hiyo weka taa hapo.

Ya pili ni lenzi isiyobadilika ya milimita 8 au 12. Haina mota ya kuharibika na inatosha kabisa kwa geti moja jembamba. Ukiomba modeli bila kutaja milimita utapewa 2.8, basi soma lebo kabla hujalipa.

Ya tatu, kwa mwenye shamba na geti la mita 60: lenzi ya milimita 5 hadi 50 kwenye kamera ya boksi, ndani ya kasha lisiloingiza vumbi. Ikivutwa hadi 50 inaona upana wa mita 6.5, karibu pikseli 300 kwa mita. Angalia mdomo wake, ambao huwa wa aina mbili, C na CS: lenzi ya C inakaa kwenye kamera ya CS kwa pete ya milimita 5, lakini lenzi ya CS kwenye kamera ya C haitalenga mbali hata ufanye nini. Ifunge ukutani. Kwenye nguzo ya mti, upepo wa Kisongo ukiiyumbisha nyuzi 1 tu, sehemu moja ya sita ya picha imehama.

Kamera ya kuzunguka yenye zumu ya mara 25 ni ya nne. Inavuta vizuri sana, ila ikitazama ghala haioni geti, na nyumbani hakuna mtu wa kuiongoza usiku kucha. Zumu ya kidijitali ni ya mwisho: inakuza pikseli zile zile, haiongezi kitu.

Kuna jambo moja hapa la kufikiria kwa uzito. Kama waya wa mtandao wa Cat6 unafika getini ndani ya mita 100, kamera ya kawaida ya milimita 4 juu ya nguzo ya geti, kimo cha mita 2.5 hadi 3, mara nyingi hushinda lenzi ndefu. Hata ukungu wa asubuhi wa Machame na Kibosho hauisumbui sana, wakati lenzi ndefu inatazama ukungu wote ulio katikati. Ongeza kizuia radi kwenye waya huo.

Usimmalizie fundi malipo mchana. Saa mbili usiku mtu asimame getini, apite na bodaboda ikiwa na taa, kisha fungua rekodi yenyewe, maana picha ya moja kwa moja inaweza kuwa safi kuliko iliyohifadhiwa. Sura isipoonekana, lenzi ibadilishwe.