Tahadhari: safari ya vipepeo ya Cumbria inayouzwa kwenye makundi yetu ya WhatsApp

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza, hasa Leicester, Birmingham na Manchester: kuna mtu anauza likizo ya kutazama vipepeo huko kaskazini, Cumbria, na pesa za watu zimekwenda. Tangazo lake limeandikwa kwa Kiswahili safi na linazunguka kwenye makundi ya misiba, ya vyama na ya akina mama. Ndiyo maana limeaminika. Jina lake silitaji kwa sababu malalamiko yako benki na polisi, tena biashara yenyewe imeshabadilisha jina. Mjueni kwa mtindo wake.

Tangazo liliahidi siku nne mwezi wa Julai, basi dogo la kuwachukua nyumbani na kuwarudisha, hoteli karibu na kijiji cha Arnside, chakula cha halali na mwongozaji anayezungumza Kiswahili. Shangazi yangu na wenzake walilipa nusu wakati wa masika ya huku, na salio Julai ilipokaribia. Siku ya safari walikaa na mabegi yao tangu alfajiri. Basi halikuja, simu ikazimwa, na kundi la WhatsApp la safari likafutwa.

Msiseme hawakuwa makini. Mmoja wao alipiga simu hotelini mwenyewe kabla ya kulipa salio, akaambiwa vyumba vipo na majina yao yapo. Ni kweli vilikuwepo. Tapeli alikuwa amevishika kwa ile njia ya mtandaoni inayoruhusu kughairi bure, bila kulipa hata pauni moja, na akavighairi jioni ileile salio lilipoingia. Kwa hiyo kuuliza kama nafasi ipo hakutoshi. Uliza kama imelipwa, imelipwa na nani, na mwisho wa kughairi bila gharama ni lini.

Sasa nije kwenye vipepeo, kwa kuwa hao nawafahamu na nawapenda, na inaniuma kuona wanatumiwa kama chambo. Mtu aliyewahi kuwafuata angeutambua uongo wa tangazo lile palepale.

Picha kubwa ya juu ilikuwa ya Swallowtail, yule wa manjano na mistari myeusi, mwenye mikia miwili. Katika Uingereza yote huyu huzaliana kwenye mabwawa ya Norfolk tu, mashariki kabisa. Cumbria haishi. Chini yake waliahidiwa vipepeo wengine wawili, Duke of Burgundy na Scotch Argus, katika safari moja. Wote wawili wapo kweli ukanda ule wa mawe ya chokaa kando ya ghuba ya Morecambe Bay, ila wa kwanza huruka Mei na kuishia Juni, na wa pili huanza kuonekana mwishoni mwa Julai. Siku nne haziwezi kuwakutanisha. Ni wazi mwandishi aliokota majina kwenye orodha bila kuangalia majira.

Kisha wakapewa "uhakika wa asilimia 100" wa kumwona Mountain Ringlet. Ukiacha Uskoti, kipepeo huyu mdogo wa kahawia yuko kwenye milima ya Lake District, hukohuko Cumbria, peke yake, mara nyingi juu ya mita 500, na huruka jua likiwaka. Wingu likifunika anazama kwenye nyasi, na unaweza kupita hatua mbili kutoka alipo usimwone. Hakuna mwongozaji mkweli anayeweza kukuwekea uhakika juu ya mlima wa Cumbria, ambako mvua ni jambo la kawaida hata kiangazi. Atakuambia uje na koti la mvua na moyo wa subira.

Kilichonikera zaidi ni nyavu. Watoto waliahidiwa nyavu za kuwanasa High Brown Fritillary. Huyo ni miongoni mwa vipepeo walio hatarini zaidi kutoweka nchini, analindwa na sheria ya wanyamapori ya 1981, na kumnasa bila kibali ni kosa. Wazazi wangejikuta matatani mbele ya watoto wao.

Na chambo kilichowashika wengi kilikuwa maneno haya: njooni muwaone vipepeo waliotoka Afrika kama ninyi. Ni maneno matamu, na yana ukweli ndani yake. Kipepeo aitwaye Painted Lady hana uwezo wa kumaliza baridi ya huku; hufika kutoka kusini kizazi baada ya kizazi, na safari hiyo ina mizizi Afrika. Lakini kuna miaka wanafika kwa wingi wa ajabu, kama 2009 na 2019, na kuna miaka unamwona mmoja mmoja. Hakuna wa kumuuzia mtu tiketi ya hao.

Angalieni na nembo. Tangazo lilibeba nembo ya ATOL. ATOL hulinda vifurushi vya safari zenye ndege, na hii ilikuwa ya basi kutoka mtaani. Anayeuza usafiri na malazi kwa pamoja anabanwa na kanuni za vifurushi vya safari za 2018: lazima awe na ulinzi wa pesa zako, na akueleze kwa maandishi ni ulinzi gani kabla hujalipa. Akizungukazunguka unapomuuliza, mwache.

Malipo yalitakiwa kwa kuhamisha pesa benki, kwenda akaunti ya mtu binafsi. Benki zilionya kwamba jina halilingani, tapeli akawaambia wapuuze, eti akaunti ya kampuni inahamishwa. Kadi aliikataa, na sababu inaeleweka: kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi 30,000 ukilipa kwa kadi ya mkopo, hata amana tu, kampuni ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji.

Kama umeshalipa, piga 159 leo, uunganishwe na benki yako. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki zinatakiwa kumrudishia aliyetapeliwa kwa kuhamisha pesa benki hadi pauni 85,000, ukiripoti ndani ya miezi 13 baada ya malipo ya mwisho. Wanaweza kukata hadi pauni 100. Benki ikikujibu kwamba huu ni mgogoro wa kibiashara, yaani si utapeli, usikubali kirahisi. Omba hoteli iandike kwamba vyumba havikulipiwa na vilighairiwa lini, ambatanisha na ujumbe wote wa WhatsApp. Barua ya namna hiyo ndiyo iliyobadili jibu la benki kwa shangazi.

Mwenye hamu ya vipepeo asikate tamaa. Arnside ina stesheni yake, treni inatoka Lancaster, na kupanda kilima chake, Arnside Knott, hakuna kiingilio. Shirika la kuhifadhi vipepeo, Butterfly Conservation, lina tawi Cumbria, na matawi yake huandaa matembezi ya kiangazi pamoja na watu wanaojua kila jiwe.

Tapeli huyu sasa anatangaza safari ya Agosti, Uskoti, kwa picha ileile ya Swallowtail. Ikifika kwenye kundi lenu, mwambieni msimamizi aiondoe, na mtafuteni kwa simu yeyote aliyekwisha kulipa amana kabla hajatuma salio.