Ndoano ya duara au ya J kwa nduaro?

Kwa kuvua nduaro, samaki mkubwa wa baharini mwenye mdomo kama mkuki, kwa chambo asilia, kiwe hai au kimekufa, mimi nachagua ndoano ya duara bila kusita. Ncha yake imekunjwa kuelekea shina, hivyo hata samaki akiimeza, ndoano huteleza kutoka kooni na kunasa kwenye pembe ya mdomo mshipi unapokaza. Ya J, yenye umbo la herufi hiyo, hushika popote: kooni, tumboni, hata kwenye matamvua. Samaki aliyejeruhiwa hivyo, ukimwachia anaweza kufa baadaye.

Ugumu wa duara uko mikononi mwa mvuvi. Mwenye J huvuta ufito kwa nguvu. Ukifanya hivyo na duara, unamnyang'anya samaki chambo. Mwache aondoke nacho, kaza breki ya rili (gurudumu la kukunjia mshipi) polepole, mshipi unyooke wenyewe. Subira hiyo ni kazi kweli mbele ya samaki mkubwa, ila hufundishika. Tafuta pia ndoano ya duara ambayo ncha yake haikupindwa upande.

Chambo bandia kinachokokotwa kwa kasi ni habari nyingine, J inakifaa: samaki hukigonga mbio, kwa kawaida hakimezi.

Marekani, kwenye mashindano ya kuvua nduaro na jamaa yake sulisuli katika Atlantiki, anayetumia chambo asilia hulazimika kutumia duara tangu 2008. Naiunga mkono sheria hiyo.